Shajara ya mradi: kuhamisha programu ya mizani kutoka Windows kwenda Linux, Kibosho

Januari, wiki ya pili. Jumatatu

Nimekabidhiwa mashine. Ofisi ni ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, upande wa Kibosho, juu ya Moshi mjini. Kompyuta ni tatu, zote mitumba: Core i3 za kizazi cha nne, RAM ya GB 4. Mbili zina Windows 10, ambayo muda wake wa kuhudumiwa na Microsoft uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kupanda kwenda Windows 11 haziwezi, kwa sababu inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kuanzia kizazi cha nane. Ya tatu niliiwekea Linux Mint 21.3, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, mwaka 2024 kwa ajili ya barua za katibu, na ndiyo pekee yenye SSD, diski ya kasi.

Mzee katibu alishaulizia bei ya kompyuta mpya mjini. Hakunitajia bei yenyewe, alisema tu: "Fundi, kahawa imeshauzwa na wakulima wameshalipwa. Hela ya mashine tatu itoke wapi?"

Tumekubaliana zote ziende Linux. Kwa kazi za kawaida sina wasiwasi. Firefox, LibreOffice na Thunderbird zimeandikwa tangu awali ziende Windows, Linux na Mac, na karani anaweza asijue kama amehamishwa. Kinachoniweka hapa ni programu moja tu, ya mizani.

Imeandikwa kwa Visual Basic 6 (VB6), lugha ya Microsoft ya kuandikia programu, ile ya mwaka 1998, na kumbukumbu zake zinakaa kwenye faili la Access, hifadhidata ya Microsoft. Aliyeiandika alihama zamani na msimbo hakuna aliye nao. Kazi zake ni tatu: inasoma uzito kutoka kwenye mizani ya ghalani, inauandika kwenye jina la mkulima, inachapa stakabadhi. Hizo tatu zikikwama mwezi Julai foleni ikiwa imefika barabarani, mimi Kibosho sitapanda tena.

Jumatano

Nimekata shauri kati ya njia mbili. Ya kwanza ni mashine pepe: Windows nzima inakaa ndani ya Linux kama programu. Inafanya kazi, lakini RAM ya GB 4 haitoshi mifumo miwili, leseni ya Windows bado inahitajika, na huko ndani bado ni Windows 10 ileile tunayoikimbia.

Ya pili ni Wine, mradi ulioanza mwaka 1993 na kutoa toleo lake la 1.0 Juni 2008. Wine haiigi kompyuta nyingine. Programu ya Windows ikisema "nifungulie dirisha", "nisomee faili hili", Wine hupokea ombi hilo na kulitimiza kwa zana za Linux, huku maagizo ya prosesa yakipita moja kwa moja. Ndiyo maana haili RAM, na ndiyo maana pia ubora wake unategemea ombi gani limeombwa. Maombi yanayotumiwa na kila mtu yameshughulikiwa vizuri. Yale ya pembeni hujui mpaka ujaribu.

Nimechukua Wine. Mashine ya katibu yenye SSD ndiyo itakayohamia ghalani. Moja ya zile za Windows nimeichomoa intaneti na kuiacha kama ilivyo, iwe shahidi wa jinsi programu inavyopaswa kufanya.

Alhamisi

Wine iliyomo kwenye hazina ya Mint 21.3, ghala lake la programu, ni ya 6.0, imezeeka. Nimeweka toleo jipya linalotolewa na waandishi wenyewe, nikatengeneza folda ya Wine ya biti 32, maana programu za VB6 ni za biti 32 na vipande vinavyosoma Access za enzi hizo ni hivyohivyo. Kwa winetricks, zana ya kuiongezea Wine vipande vya Windows, nimeongeza vb6run kwa ajili ya VB6 na jet40 kwa ajili ya Access. Faili la MSCOMM32.OCX, linaloshika mawasiliano ya porti ya COM, ile ya waya wa mizani, nimelitoa kwenye mashine shahidi na kulisajili kwa amri ya regsvr32.

Programu imefunguka kabla sijakaa sawa kitini. Rangi zake za kijivu, nembo ya jani la kahawa, orodha ya wanachama, kila kitu. Karani alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ee, si hiyo hapo! Kumbe kazi yenyewe ndogo."

Nimemwambia asubiri. Madirisha na vitufe ndiyo sehemu iliyohangaikiwa na wengi kwa miaka yote hiyo, lazima ifunguke. Kinachoifunga programu kwenye mfumo mmoja ni kule inakogusa vitu vya nje: waya, karatasi, tarehe. Huko sijafika.

Wiki iliyofuata. Jumanne

Siku ya mizani.

Mizani ina tundu la zamani la pini tisa, na kati yake na kompyuta kuna adapta ya USB ya bei ndogo, yenye chipu ya CH340. Linux inaijua chipu hiyo bila draiva ya kutafuta. Nimechomeka, nikatazama kwenye /dev, folda ambamo Linux huorodhesha vifaa: ttyUSB0, ndiyo adapta yangu, imetokea. Nimeangalia tena: haipo. Nimechomoa, nimechomeka, imekuja, imeondoka.

Jibu lilikuwa ndani ya dmesg, kumbukumbu za matukio ya kernel, kiini cha Linux. Kuna kitu kinaitwa brltty kilichoikamata adapta na kuiondoa mikononi mwa draiva yake. Hiyo ni huduma ya vifaa vya nukta nundu, kwa wasioona. Baadhi ya vifaa hivyo vinatumia chipu yenye namba ileile ya utambulisho, 1a86:7523, kwa hiyo Ubuntu 22.04, ambayo Mint 21 imejengwa juu yake, inapoiona adapta yangu inadhani mtu amechomeka kifaa cha kusomea. Huduma yenyewe ni ya haki kabisa na sitaki kusikia fundi akiitukana. Ghalani hakuna anayeitumia, basi nimeiondoa kwenye mashine hii. ttyUSB0 imetulia.

Nimefungua terminali, dirisha la amri, kuona mizani inasema nini. Kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde, mistari ikaanza kushuka:

ST,GS,+0000.0kg
ST,GS,+0000.0kg

Nimemwomba kijana wa ghalani aweke gunia la mahindi. Mistari ikageuka US, US, US, namba zikipanda na kushuka, kisha ST tena kwenye 54.2. ST ni uzito uliotulia, US bado unacheza. Niliwaita wote waje waone. Kijana alipanda mwenyewe kwenye mizani, akachungulia kioo changu kutoka mbali na kukataa katakata kwamba ile namba ni yake.

Jumatano asubuhi nitaipeleka Wine kwenye mazungumzo hayo.

Jumatano

Vikwazo viwili, kimoja chepesi. Mtumiaji wa kawaida wa Mint haruhusiwi kugusa porti ya namna hii mpaka aingizwe kwenye kundi la dialout. Nimemwingiza karani, akatoka na kuingia upya. Kimekwisha.

Cha pili kimenifurahisha kwa ubishi wake. Wine huzipa porti za Linux majina ya Windows kwa mpangilio: inaanza na ttyS zote, porti za pini za kompyuta yenyewe, ambazo kernel imezitenga 32 hata kama kwenye kompyuta hakuna tundu hata moja, ndipo inafika kwenye USB. Kwa hiyo mizani yetu imepewa jina COM33. Na MSCOMM ya mwaka 1998 haikubali namba zaidi ya 16. Kwenye programu kuna kisanduku cha kuchagua porti. Ukiandika 33 inakataa kwa ujumbe wa kosa, ukiandika 1 inanyamaza milele.

Dawa ni kwenye rejista ya Wine: ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports unaweka COM1 iwe /dev/ttyUSB0, unazima Wine yote kwa wineserver -k, unaanza upya. Gunia likarudi juu ya mizani. Kisanduku cha uzito ndani ya programu kikaandika 54.2.

Karani alipiga kofi moja, akaendelea na chai yake.

Kwa anayefuata njia hii: adapta mbili zikiwa zimechomekwa, ile iliyowahi ndiyo inayoitwa ttyUSB0. Tumia njia iliyo chini ya /dev/serial/by-path badala yake, haibadiliki mashine ikizimwa na kuwashwa, mradi adapta ibaki kwenye tundu lilelile.

Ijumaa

Mvua, na umeme haukuwepo mpaka jioni. Nimeshuka mjini.

Wiki ya nne ya Januari

Stakabadhi. Printa ni ya pini, ya karatasi zenye nakala, na programu haipitii mfumo wa kuchapa kabisa. Inafungua LPT1, jina la Windows la porti ya printa, na kumwaga herufi moja kwa moja. Zamani ndivyo watu walivyoandika. Nimeiweka LPT1 mahali palepale nilipoiweka COM1, safari hii ielekee /dev/usb/lp0, na karani akaingizwa kundi la lp. Nimeiondoa printa hiyo kwenye orodha ya CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux, makusudi, maana CUPS ikiichukua hukinyang'anya kernel kile kifaa na LPT1 inabaki hewani.

Taarifa ya mwezi ni habari nyingine, hiyo inapita CUPS na kutumia fonti ya Arial. Linux haina Arial, lakini ina Liberation Sans, ambayo herufi zake zimepimwa ziwe na upana uleule. Nimelaza karatasi ya mashine shahidi juu ya hii mpya na kuziinua dirishani kwenye mwanga. Mistari inaangukiana, jumla iko chini ya jumla. Mzee katibu akanyanyua miwani, akasema "Sawasawa," na kwake hilo ni neno refu.

Februari, Jumanne ya kwanza

Tarehe. Hili ndilo lililokuwa na hatari kuliko yote, kwa sababu halikupiga kelele.

Niliandika stakabadhi ya majaribio ya tarehe 3 Februari. Programu ikaipokea, ikachapa, hakuna ujumbe wowote. Kwenye taarifa ya Februari haikuonekana. Ilikuwa imejiandikisha Machi, tarehe 2. Mint ilikuwa imewekwa kwa Kiingereza cha Marekani, na Wine huchukua taratibu za tarehe kutoka kwenye mpangilio wa lugha wa Linux. Programu ya VB6 inauliza mfumo "hapa mnaandikaje tarehe?", inajibiwa mwezi kwanza, inaamini. Kwenye Windows ya ofisi hii mpangilio ulikuwa wa Uingereza, siku kwanza.

Kuanzia tarehe 13 kwenda juu usingeona tofauti, kwa kuwa mwezi wa 13 haupo na programu inageuza yenyewe. Siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi ndizo zingekuwa zinasambaa mwaka mzima. Hebu fikiria mkulima anakuja Desemba kudai kahawa ya Agosti, na kitabu kinasema aliileta Mei, miti ikiwa bado na tunda bichi.

Sasa programu inaanzishwa na faili dogo lenye LC_ALL=en_GB.UTF-8, yaani mpangilio wa Uingereza, na ikoni ya mezani inaelekea kwenye faili hilo. Nimelijaribu kwa kila tarehe yenye utata niliyoweza kuifikiria, nikalinganisha na mashine shahidi.

Jambo moja nimelikataa. Katibu alitaka kompyuta mbili ziandike kwenye faili lilelile la Access kupitia mtandao wa ofisi. Kufuli za faili hizo zilitungwa kwa Windows kuzungumza na Windows. Kuzipitisha Wine, kisha Samba, daraja la mafaili kati ya Linux na Windows, ni kuomba faili liharibike siku ya foleni. Mashine ya ghalani inaandika, nyingine zinapata nakala ya kusoma jioni.

Februari, katikati

Wine itatuvusha, lakini sitaki ofisi ibaki imetundikwa kwenye OCX moja ambayo hakuna anayeweza kuitengeneza. Nimeanza kuandika programu mbadala. Sharti ni moja: iende Linux hapa ofisini na Windows 11 kwa mhasibu wao aliyeko mjini, kwa msimbo uleule.

Nilipitia zana zilizopo. Electron imekaa vizuri kwa mtu anayejua kurasa za wavuti, ila kila programu yake inabeba kivinjari cha Chromium tumboni. Kwa RAM ya GB 4, hapana. Qt ni imara, iko hadharani tangu 1995, na kama ningekuwa naandika C++ kila siku ningeishia hapo. Nimechagua Lazarus, ambayo ni Free Pascal yenye fomu za kuburuta kwa kipanya. Inatoa faili moja la kuendesha kwa kila mfumo, haihitaji mambo mengi kuwekwa kabla, na vitufe vyake ni vya mfumo wenyewe: kwenye Windows vya Windows, kwenye Linux vya GTK, zana nyingine ya kuchora madirisha, au Qt. Fundi mwingine aliyesoma Pascal chuoni ataweza kuifungua na kuielewa, na hilo kwangu lina uzito kuliko fasheni.

Kumbukumbu zinaenda SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja. Wanachama na mizigo ya miaka iliyopita nimeitoa kwenye Access kwa mdbtools, zana za kusomea faili za Access, tarehe zote zikiandikwa mwaka kwanza, 2026-02-03, zisiulize mfumo wowote maoni yake.

Machi, wiki ya kwanza

Inajengeka pande zote mbili. Niliyokutana nayo njiani, bila mpangilio:

Kitufe cha "Hifadhi stakabadhi" kilichokaa vizuri kwenye Windows kilikatwa kwenye GTK kikawa "Hifadhi staka". Fonti za mifumo hazilingani, na Kiswahili kina maneno marefu kuliko Kiingereza ambacho mifano mingi ya fomu imechorwa nacho. Nimeacha kupanga kwa pikseli. Vitufe vinajipima vyenyewe na kuegemea jirani zao.

Nembo ilionekana Windows, Linux haikuonekana. Faili linaitwa Nembo.PNG, msimbo unaita nembo.png. Kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti. Nimepitisha kanuni ya herufi ndogo kwa kila kitu.

Kusoma mizani kunafanyika kwenye uzi wa pembeni, kazi inayokwenda sambamba na nyingine, ili dirisha lisigande. Kwenye Linux, Free Pascal inataka sehemu yake iitwayo cthreads itajwe ya kwanza kabisa kwenye faili kuu, la sivyo programu inajifia ikisema haina msaada wa nyuzi. Windows haijali.

SQLite nayo: Free Pascal inatafuta faili la SQLite kwa jina libsqlite3.so bila namba, ambayo iko kwenye mashine ya mwandishi wa programu tu. Mashine ya kawaida ina libsqlite3.so.0. Nimelitaja jina hilo waziwazi. Kwa mhasibu natuma sqlite3.dll pamoja na programu.

Jina la porti liko kwenye faili la mipangilio, halimo ndani ya msimbo, na faili lenyewe linakaa mahali ambapo mfumo husika unaweka mipangilio: amri ya GetAppConfigDir inajua pa kwenda pande zote mbili.

Na nimeongeza kitu ambacho ile ya zamani haikuwa nacho. Wakati mizani inatuma US, kitufe cha kuhifadhi kimezimika. Kinawaka ST ikifika. Mama mmoja mwanachama aliyekuja kuuliza mambo mengine alisimama kututazama tukijaribu. "Kwa hiyo hawezi kubonyeza gunia likiwa bado linayumba?" Hawezi, mama. "Basi hiyo ndiyo muilete," akasema, akamgeukia karani, na karani akaangalia dirishani.

Machi, wiki ya tatu

Nimeshuka kwa mhasibu, karibu na Mnara wa Saa. Aliwahi kusikia kwamba Windows 11 inaweza kuendesha programu za Linux zenye madirisha, akauliza kwa nini nilijisumbua kujenga mara mbili. Ni kweli, WSL, sehemu ya Windows inayobeba Linux, inaweza, na dirisha linakaa pamoja na mengine kama lilizaliwa hapo. Lakini ni Linux nzima inayokimbia chini kwa ajili ya taarifa ya mwezi, na siku ikigoma atanipigia mimi. Faili la Windows kwa Windows ni jepesi zaidi.

Alipolifungua mara ya kwanza, Windows ilimzuia kwa onyo la mchapishaji asiyejulikana. Onyo hilo ni halali. Programu haina saini ya kidijitali na cheti cha kusainia kinalipiwa kila mwaka. Nimemwonyesha jinsi ya kuiruhusu, na nimemwachia namba ya uhakiki ya SHA-256 kwenye karatasi ili alinganishe kila ninapomtumia toleo jipya. Taarifa ya msimu uliopita imefunguka, jumla zinalingana na za kwake hadi desimali.

Aprili, mwanzoni

Kikao na katibu, karani na mwenyekiti. Msimu ukifunguliwa, programu mpya ndiyo itakayosoma mizani, na ile ya VB6 inabaki kwenye Wine ikiwa na namba zake za stakabadhi hadi mwisho wa mwezi wa kwanza, kama akiba. Zote mbili haziwezi kushika porti moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo nimeweka ikoni moja mezani na ya pili ndani ya folda ya karani.

Mashine shahidi inawekewa Mint 22 wiki hii. Mwenyekiti ameomba kabla ya hapo nakala ya faili la Access ichomwe kwenye flashi mbili, moja ikae kwenye kabati la chuma la ofisi, nyingine aende nayo nyumbani. Iliyobaki kwangu ni ukurasa wa maelekezo kwa Kiswahili, wenye picha za kila dirisha, na UPS ya ghalani, ambayo betri yake haishiki hata muda wa kuzima mashine.